Shoga yangu ananipa pesa ya mchezo. Niichukue?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 34, naishi Ujiji, Kigoma, na kazi yangu ni dagaa. Nanunua wabichi mwaloni Kibirizi alfajiri mitumbwi ikirudi, naanika, kisha nawauzia wanaopeleka Tabora na Dar. Nina vichanja viwili vya kuanikia, wanaozidi naanika mchangani. Mtaji wangu ni shilingi 400,000 na mara nyingi hautoshi, basi nachukua mali kauli, mzigo sasa na malipo baadaye, kwa mwenye mtumbwi. Ukichukua mali kauli bei ni yake, huna mdomo. Giza, zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa huvuliwa, likienda vizuri, nikishatoa ya kula, nabakiwa na kama 150,000.

Nilienda benki. Walinipokea vizuri, sina la kulalamika, lakini waliuliza hati ya nyumba, na nyumba tunayokaa ni ya urithi upande wa mume wangu, haijagawanywa, na ndugu wako sita. Kabla ya hapo nilishawahi kuingia kwenye mkopo wa kausha damu. Nilisaini 200,000, wakakata 20,000 ya fomu, nikawa narudisha 26,000 kila Jumatatu kwa wiki 10. Wiki ya 8 mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, dagaa wakaniozea, nikachelewa. Walikuja watu wanne wakabeba jiko la gesi na mtungi wake, majirani wamesimama wanaangalia. Nilikuja kulikomboa, lakini huko sirudi.

Sasa kuna shoga yangu, tumesoma pamoja, anauza vitenge Mwanga, hapa hapa mjini. Yuko kwenye mchezo wa akina mama 10, kila mmoja anatoa 300,000 kwa mwezi. Mwezi huu ni zamu yake, ni wa tatu kupokea, anapata milioni 3. Ameniambia: "Chukua zote ufanyie kazi, mimi dukani mzigo umejaa. Riba sitaki, ukifanikiwa utanikumbuka." Mume wake ndiye aliyesema ni vizuri niache kitu, akataja kadi ya pikipiki ya mume wangu, ile anayoendeshea bodaboda. Kadi ilipo napajua. Mume wangu hajaambiwa lolote. Ni mtu wa kuogopa madeni, nilitaka nimwambie mambo yakishakaa sawa.

La pili ndilo linaniumiza. Mwaka 2022 kaka yangu, ambaye ni mwalimu Kasulu, alinitumia 1,200,000 kwa simu, na ya kutolea akaweka. Hatukuandika kitu. Nikamrudishia kidogo kidogo mpaka zikafika 700,000. Mwaka 2024 ziwa likafungwa, tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, miezi mitatu hakuna kuvua, tukala mtaji. Nikaacha kutuma, naye hakuuliza. Baadaye kwenye msiba wa bibi, tunaosha masufuria, wifi akasema bila kunitazama: "Wengine tunavaa viatu vimepasuka, jasho letu linaanikwa mchangani Kibirizi." Wanawake wote wakanyamaza. Tangu siku hiyo sijakanyaga Kasulu, na kaka akipiga simu nasema naye haraka haraka nikate.

Nilimwambia mama kwamba safari hii na shoga yangu tutaandikishiana. Mama akakasirika, akasema watu wanaopendana hawaandikishiani, huko ni kuombeana mabaya. Mama ni mtu wa dini, nikanyamaza.

Shangazi, niichukue? Na kwa kaka nifanyeje?

Mama Watatu, Ujiji


Marahaba, mwanangu.

Kadi ya pikipiki iache ilipo. Hilo hukuniuliza, lakini ndilo lililonifanya nikujibu wewe kabla ya wengine. Kadi ile ina jina la mume wako, na pikipiki yake ndiyo inayoleta unga siku dagaa wakikataa. Nyumba ya ndoa sheria yetu ya ardhi hairuhusu iwekwe rehani mpaka mwenzi wako aridhie. Pikipiki si nyumba, ila sababu yake ni ileile: huwezi kuweka dhamana riziki ya mtu ambaye hajui kwamba imewekwa. Siku moja ataihitaji, ataenda pale mnapoiweka, aikose. Siku hiyo dagaa wako wakiwa wamekauka vizuri na pesa iko mfukoni, bado utakuwa huna jibu.

Sasa tuingie kwenye pesa ya mchezo. Shika kalamu tuhesabu wote.

Shoga yako ni wa tatu kupokea. Maana yake ameshatoa michango mitatu, huu wa mwezi huu ukiwemo, jumla 900,000. Mkononi anapokea milioni 3. Zile 2,100,000 zilizozidi bado si zake. Ni za wenzake saba ambao hawajapata zamu, wamemtanguliza tu, na atawarudishia 300,000 kila mwezi kwa miezi saba. Zidisha: saba mara 300,000 ni 2,100,000, haipungui wala haizidi.

Umeona? Akikupa milioni 3 nzima, anakukopesha pesa ambayo yeye mwenyewe anadaiwa. Wewe ukikwama giza moja, kijumbe, yule anayekusanya michango, hakupigii wewe, anampigia yeye, na atampigia mbele ya wateja wake sokoni. Mchezo hauna hati wala dhamana, una jina la mtu tu, na mwanamke akishaharibu mchezo mmoja Mwanga, wa pili hapewi nafasi. Utakuwa umemhamishia yeye ile Jumatatu yako ya kausha damu.

Sisemi ana nia mbaya. Anakupenda, na hesabu hii pengine hajaikalia chini. Watu wanaponiandikia kuhusu kukopa kwa ndugu na marafiki huwa wananiuliza kama ni nafuu kuliko benki. Kwa riba, mara nyingi ndiyo, ni nafuu. Lakini kabla ya kufika kwenye nafuu mimi huuliza: hii pesa ni ya nani? Ya benki mwenyewe unamjua na masharti yake yameandikwa. Ya ndugu unamwona mtu mmoja aliyeitoa, wengine wako nyuma yake, nao hawajakwambia kitu. Nyuma ya shoga yako wako wanawake saba. Nyuma ya kaka yako yuko wifi yako, na huyo nitamrudia.

Basi mimi ningechukua 900,000. Zilizo zake kweli. Zile 2,100,000 abaki nazo azitunze, ndizo zitakazolipia michango yake yote iliyobaki, asiwe na wasiwasi na mtu hata wewe ukichelewa. Mwambie hivyo hivyo, mpigie hesabu kama nilivyokupigia. Nadhani atashusha pumzi.

Na usione 900,000 ni kidogo. Una vichanja viwili, mwanangu. Ukiingia mwaloni na milioni 3 utanunua dagaa wa kujaza ufukwe, utawaanika wapi? Mvua zetu zinaingia Oktoba au Novemba na zinaenda hadi Mei, na dagaa wa mchangani akinyeshewa mara mbili anageuka chakula cha kuku. Hilo wewe unalijua kuliko mimi, ulishalipia kwa jiko la gesi. Kwenye hizo 900,000 toa kwanza ya mbao, wavu wa kichanja na turubai la kufunikia, inayobaki ndiyo ununulie mzigo kwa pesa taslimu, ili yule mwenye mtumbwi akikutajia bei na wewe uwe na mdomo.

Neno lililonitisha kwenye barua yako, ukiacha kadi, ni "utanikumbuka". Linasikika kama upole. Lakini ni deni lisilo na kipimo. Wewe ukimpelekea sado ya dagaa Idi ikifika utaona umemkumbuka sana, yeye labda moyoni alikuwa anasubiri laki tatu. Hatakwambia. Atapunguza salamu. Na kwa kuwa mama yako ni mtu wa dini, anajua ziada inayoshurutishwa juu ya mkopo ni riba, hata ikifungwa kwenye kitambaa kizuri. Zawadi unayotoa kwa hiari yako, bila sharti la mtu, ni jambo lingine. Kwa hiyo liseme mapema: "Nitakurudishia 900,000, hizo hizo. Nikikuletea dagaa ni zawadi, haimo kwenye hesabu." Asipolikubali hilo, ni heri mlijue leo.

Sasa mama. Nenda kwake kwa adabu, usibishane naye. Mkumbushe Suratul Baqara aya ya 282, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Kurani nzima. Aya hiyo inahusu deni: watu wanaokopeshana kwa muda maalumu waliandike, wapatikane mashahidi, wala wasichoke kuandika deni liwe dogo au kubwa. Haikusema waandike wanaochukiana. Aya mbili kabla yake, ya 280, inasema mdeni akiwa na shida apewe muda mpaka afarijike. Zimekaa karibu karibu, kuandika na kuhurumiana, na mimi kila nikizisoma naona hazigombani.

Marehemu baba yangu alifanya kazi reli hapa Kigoma. Alikuwa na daftari la shule, lile la mistari, jalada limefungwa na uzi wa kushonea viatu. Aliandika kila alichokopa na kila alichokopesha, hata kwa mdogo wake wa tumbo moja, na kila palipolipwa alipiga mstari, na yule mwenzake akaweka dole gumba pembeni. Tulikuwa tunamcheka. Alipofariki, kabla jeneza halijatoka, shehe akatangaza kama ada: anayemdai marehemu ajitokeze kwa wafiwa. Wakasimama wawili. Mmoja tulimkuta kwenye daftari, tukamlipa kabla ya arobaini. Wa pili naye tulimkuta, ila palikuwa na mstari na dole gumba lake mwenyewe, la miaka minne nyuma. Hakuwa mwongo, mzee wa watu, alikuwa amesahau. Aliitazama ile alama ya kidole chake akalia, akatuomba radhi. Bila daftari lile tungelipa mara mbili, au tungemwita tapeli msibani. Nani hapo angekuwa amependwa?

Karatasi yenu isiwe ya wakili. Majina yenu mawili, tarehe, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, kwamba ni mkopo (andika neno hilo, mkopo, isije baadaye ikaitwa ubia wa dagaa), namna ya kurudisha, sahihi zenu na za mashahidi wawili, mume wako awe mmoja wao na mume wake wa pili. Nakala mbili. Pesa akutumie kwa simu hata kama mnakaa karibu, na marejesho hivyo hivyo, ujumbe wa muamala usiufute. Sheria yetu ya mikataba inayatambua hata makubaliano ya mdomo, kwa hiyo msidhani bila karatasi hakuna deni. Deni lipo. Kisichokuwepo ni kumbukumbu.

Kwenye kurudisha, msiige tarehe za benki. Dagaa hawafuati kalenda ya ukutani. Mwezi ukipevuka mitumbwi inalala, giza likirudi taa zinawaka ziwani mpaka unadhani kuna mji mwingine kule ng'ambo, na pesa yako inaingia hapo. Andikeni rejesho la giza, mkilihesabu tangu mwezi unapoanza kupungua hadi unapokaribia kupevuka tena, na siku ya kulipa iwe mbalamwezi, ukishauza. Ningependekeza 150,000 kila giza kwa magiza sita. Umesema mtaji wa 400,000 unakuachia 150,000. Mtaji ukishaongezeka, giza zuri litabeba rejesho hilo na kitu kikabaki. Na lile baya je? Liandikeni nalo: dagaa wasipopatikana, au Serikali ikifunga ziwa kama 2024, rejesho linasimama na utamwambia kabla ya siku ya kulipa, kwa kumpigia au kwa mguu. Kusimamisha si kufuta. Mkiwa mmeliandika mkiwa mnacheka, siku likitokea hutakuwa na haja ya kuzima simu.

Kuna mlango mwingine nautaja kwa kifupi kwa sababu hautakusaidia giza hili. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 vya vijana, 2 vya watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarudishwa 2024. Inataka kikundi kilichosajiliwa, na ina mlolongo. Waanikaji wenzako mwaloni wapo; mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu mwanze, kwa ajili ya mwakani.

Mume wako mwambie leo, kabla hujamjibu shoga yako. Usiseme "nitamwambia mambo yakikaa sawa". Mambo yakikaa sawa hatakuwa na la kusaidia, na yasipokaa atajua kwa kuona watu mlangoni, kama lile jiko. Mtu anayeogopa madeni ndiye shahidi mzuri wa karatasi, atasoma kila mstari. Akikataa kabisa, msikilize sababu yake mpaka mwisho. Inawezekana kuna deni lake ambalo na wewe hujaambiwa.

Sasa Kasulu. Nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo nzito, ila wewe uianze kwanza, kabla ya kupokea hata shilingi ya Mwanga.

Kaka yako alinyamaza kwa sababu anakupenda. Wifi yako alisema kwa sababu ile pesa ilikuwa yake pia, na hakuna aliyemuuliza ilipotoka, wala aliyemwambia kwa nini imeacha kurudi. Alivyosema msibani, mbele za watu, ilikuwa vibaya, na una haki ya kuumia. Lakini rudia kusoma alichosema. Amezungumzia viatu. Mwalimu na mkewe wana watoto wa kusomesha, na 500,000 kwenye nyumba ya mwalimu ni kitu kikubwa, na kila mwezi alikuwa anaisubiri bila kujua inasubiriwa mpaka lini. Ziwa kufungwa wewe ulikuona kwa macho. Yeye Kasulu aliona tu simu haiiti.

Kwa hiyo usitume kwa simu safari hii. Panda gari uende, wikiendi, wote wawili wawe nyumbani. Tafuta 100,000 kwenye faida ya giza hili, hata ukipunguza mzigo wa giza lijalo. Usitoe kwenye pesa ya shoga yako, deni halilipwi kwa deni jipya. Beba na dagaa wazuri, wa kichanja, wasio na mchanga. Ukifika usimvute kaka pembeni nje chini ya mwembe mkanong'ona, hapo ndipo mambo yaliharibika mara ya kwanza. Kaa sebuleni na wote wawili. Usilitaje la msibani, akilitaja yeye msikilize. Sema kiasi: "Nilichukua 1,200,000, nimerudisha 700,000, zimebaki 500,000. Ziwa lilipofungwa nilikwama, nikaona aibu, nikanyamaza. Kunyamaza ndiko nilikokosea. Zilizobaki 400,000 nitaleta 50,000 kila giza, magiza manane." Mkaandike hapohapo, kwenye daftari la watoto linatosha.

Kisha ile 100,000 usimkabidhi kaka. Mpe wifi, na umwombe aihesabu yeye.